Ngome Irudi Nyumbani

Elgon View, Eldoret
4 Machi 2025

Kwa Amondi Oyugi,

Salamu. Mimi ni Wepukhulu, mwalimu mstaafu, yule mzee ambaye Klabu ya Chesi ya Jumamosi humtwika kazi ya kuchambua michezo kila mashindano yanapokwisha. Hongera kwa ushindi wa juzi. Watu thelathini na wawili walicheza kwenye simu zao, dakika tatu kwa kila mmoja, raundi tisa, na wewe ambaye hakuna aliyekujua ukashinda nane. Tulipoona jina la "Gunia90" likipanda juu ya orodha, mimi nilidhani ni mwanamume mnene. Vincent, katibu wetu, ndiye aliyeniambia ni binti wa miaka ishirini anayepima mahindi kwenye ghala mjini.

Sasa kuna utaratibu wetu. Mshindi huchagua michezo yenye mafunzo, anaandika alichokuwa akifikiri, kwa mkono wake na kwa wino, kisha ananiletea. Barua pepe sizitaki. Siku hizi mashine humwandikia mtu kila kitu, hata barua ya mapenzi. Nikiridhika, natia sahihi, na jina linajaza nafasi ya mwisho kwenye timu ya watu wanne watakaokwenda Kisumu mwezi wa nne. Bila sahihi yangu, jina haliingii. Uiache bahasha kwa Vincent, dukani kwake.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, mtandao huonyesha sekunde ambazo mchezaji alitumia kwa kila hatua. Watu wote hukimbia penye urahisi na kukwama penye ugumu. Wewe ulitumia nne, nne, tano, nne, toka mwanzo hadi mwisho, hata pale palipokuwa na hatua moja tu ya kucheza. Kwa nini?

La pili, nani alikufundisha?

Ni mimi,
Mwalimu Wepukhulu


Kapsoya
7 Machi 2025

Kwa Mwalimu Wepukhulu,

Shikamoo Mwalimu. Asante kwa hongera. Mimi si mnene, lakini gunia la kilo tisini nalijua vizuri.

Gemu ya kwanza niliyochagua ni ile ya raundi ya tatu, na Tyson, bingwa wenu wa mwaka jana. Kabla ya mashindano nilitazama gemu zake za zamani kwa wiki mbili. Tyson anapenda kumtoa askofu nje mapema, anampeleka b4, halafu anamsahau pale kama mwavuli kanisani. Kwa hiyo hatua ya kumi na nne nilimtoa farasi wangu sadaka, akala askari wa f7. Mfalme wa Tyson akamla farasi. Malkia wangu akaenda b3, akampa mfalme cheki, na papo hapo akawa anamtazama yule askofu ambaye hana mlinzi. Mfalme ilibidi ahame, nami nikamla askofu. Hesabu ikawa sawa, nimezidi askari mmoja, na mfalme wake yuko nje kwenye baridi. Baada ya hapo ilikuwa kumfukuza tu.

Ya pili ni ya raundi ya tano. Mpinzani aliniachia ngome nzima bure. Sikuila. Nilisogeza askari wa pembeni hatua moja. Ukiniuliza kwa nini, ni kwa sababu ile ngome ilinuka.

Ya tatu nitaileta. Wiki hii lori zinatoka Burnt Forest na Turbo kila saa, na mimi ndiye ninayeandika mizani.

Kuhusu sekunde, ndivyo ninavyocheza. Kuhusu aliyenifundisha, ameniomba nisimtaje. Samahani Mwalimu, hilo siwezi kulivunja.

Wako,
Amondi


Elgon View
10 Machi 2025

Amondi,

Nimesoma. Mwandiko wako ni mzuri na maelezo ya mchezo wa Tyson yamenyooka. Yamenyooka mno, ukitaka kujua. Ndiyo maana nimeirudia ile michezo yako minane uliyoshinda, hatua kwa hatua, nikiilinganisha na programu ya kompyuta. Huyo farasi wa f7 ndiye chaguo la kwanza la mashine. Askari wa pembeni wa raundi ya tano, vilevile. Ungeila ile ngome, mfalme wako angefungiwa mstari wa kwanza akafa kwa hatua mbili. Katika mchezo huo, hatua kumi na tisa kati ya ishirini na mbili ni zilezile ambazo mashine ingecheza.

Na wewe unaniambia ilinuka. Binti yangu, kunuka si uchambuzi. Mtu aliyeona mtego hueleza mtego. Aliyeambiwa asile, hawezi kueleza.

Halafu sekunde zako. Nimewahi kuona sekunde za namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili mchezaji alikuwa na simu ya pili kando. Anaingiza hatua ya mpinzani, anasubiri jibu, analinakili. Inachukua sekunde nne, uliza yeyote.

Na huyo mwalimu wako asiye na jina, ana miguu na mikono, au anachajiwa ukutani?

Sisemi umeiba. Nasema nina shaka, na shaka yangu ina namba. Njoo klabuni Jumamosi tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Utacheza mbele yangu michezo mitano, simu yako ikiwa mfukoni mwa Vincent. Usipokuja, nitaiandikia kamati ifute jina lako, na nafasi ya Kisumu itakwenda kwa aliyekuwa wa pili.

Mwalimu Wepukhulu


Kapsoya
13 Machi 2025

Mwalimu,

Aliyekuwa wa pili ni Tyson. Katika barua mbili umeandika mengi, lakini hukuandika kwamba Tyson ni mjukuu wako, mtoto wa binti yako Edinah, na kwamba mnalala nyumba moja huko Elgon View. Nimeambiwa na mteja aliyeleta mahindi, ambaye hata chesi haijui. Kumbe mji mzima unajua, ni mimi tu nisiyejua.

Sasa na mimi nina shaka, na shaka yangu ina jina.

Sitakuja Jumamosi. Siogopi kucheza. Ninamjua mtu aliyewahi kusimamishwa mbele ya watu kama mwizi wa kuku, na mzee mwenye kalamu akiwa ameshaamua kabla hajauliza. Nilikulia kwenye nyumba ya mtu huyo. Nimeona vile jambo kama hilo linakaa mwilini. Mimi sitasimama hapo.

Unasema umeirudia michezo yangu minane. Nilicheza tisa. Ile niliyopigwa na Byron raundi ya saba, uliitazama?

Amondi


Elgon View
17 Machi 2025

Kwa Amondi Oyugi,

Jumamosi nilikaa kuanzia saa nne hadi saa saba. Vincent alipanga kete, akazipangua.

Ni kweli, Tyson ni mjukuu wangu. Sikulitaja kwa sababu halina uzito. Mwaka wa juzi nilimnyima sahihi yeye mwenyewe kwa uchambuzi wa uvivu, akanuna mwezi mzima mezani kwa mama yake. Sina mjukuu nikishika kalamu.

Mchezo wa Byron sikuutazama na sioni haja. Ukimshuku mtu kwamba aliiba siku nane, huendi kumchunguza siku ya tisa ambayo alirudi mikono mitupu. Pengine intaneti ilikatika.

Nimeiandikia kamati leo. Nakala ndiyo hii. Wanakutana Jumamosi tarehe ishirini na mbili. Ukiwa na ushahidi wowote wa kujitetea, umfikie Vincent kabla ya Ijumaa jioni.

Nasikitika. Nilifurahi sana ulipotokea, na huo ndio ukweli.

Mwalimu Wepukhulu


Kapsoya
19 Machi 2025

Mwalimu,

Hili ni daftari langu la mashindano. Gemu zote tisa zimo. Niliziandika nikicheza.

Ndiyo, hata zile za dakika tatu. Nimefundishwa kwamba hatua huandikwa kwanza, kisha ndipo mkono unagusa kete. Kwenye simu ni hivyo hivyo, naandika kwanza, halafu nagusa kioo. Hizo ndizo sekunde zako nne. Mkono wangu umezoea kuandika haraka, kazini naandika magunia mia mbili kwa siku.

Sikutaka kulileta. Nilikatazwa. Jana niliisoma ile nakala yako ya kamati kwa sauti nyumbani, na aliyenikataza akainuka akaenda jikoni, akakaa huko bila kupika chochote. Aliporudi akasema, "Mpelekee daftari. Mwambie aanze na ile uliyopigwa."

Kwa hiyo anza na hiyo. Na ukimaliza, usiniandikie tena.

Amondi


Elgon View
23 Machi 2025

Amondi,

Najua ulisema nisikuandikie. Soma hii, halafu utafanya unavyotaka.

Daftari lilinifikia Alhamisi. Nililifungua nikitafuta udanganyifu, sitakuficha. Nilifikiri umeliandika wiki hii kwa kunakili kutoka mtandaoni. Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni herufi zako. F ni farasi, N ni ngome, hizo yeyote angebuni. Lakini umemwandika askofu kwa S na malkia kwa L. Hakuna kitabu duniani kinachoandika hivyo. Mimi ndiye niliyezibuni, kwa sababu A ilikuwa imeshachukuliwa na askari na M na mfalme, na nilizitumia mahali pamoja tu, kwenye shule ya sekondari niliyofundisha Burnt Forest, miaka kumi, hadi mwisho wa 2007. "Andika kwanza, ndipo uguse" ni sheria yangu pia. Niliwapigia kelele watoto kwa sheria hiyo hadi koo likakauka. Na wewe umeniandikia hivyo hivyo, na mimi nimekuita mwizi kwa sababu yake.

Hata hapo bado nilikuwa na shaka. Ndivyo nilivyo. Nikafungua raundi ya saba.

Byron alibaki na ngome na askari mmoja wa katikati. Wewe ulikuwa na ngome peke yake. Ngome yako ilikuwa mstari wa tatu, imemziba mfalme wake njia. Ungeiacha pale pale, mngegawana pointi. Badala yake uliivuta hadi mstari wa kwanza, ukaiweka kando ya mfalme wako, ikakaa hapo hadi ukapigwa. Hakuna mashine ingeifanya hatua hiyo, hata ile ya bure kwenye simu ya bei rahisi. Mwanachama yeyote wa klabu yetu asingeifanya pia, maana nimewakanya. Na pembeni ya daftari umeandika kwa mwandiko wako mdogo: "ngome irudi nyumbani."

Nilikaa kitini, Amondi. Edinah aliniuliza kama nimepata habari za msiba.

Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilijifundisha miisho ya mchezo kutoka kwenye kitabu kimoja cha mitumba. Ukurasa mmoja ulisema hivi: ukilindwa na ngome peke yake, irudishe nyumbani, ikae na mfalme. Nikauandika ubaoni, watoto wakaukariri kama sala. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanika. Mwaka 2011 nilipata kitabu kizima, nikasoma ulichosema. Ulisema hiyo ni kwa askari wa pembeni tu. Askari akiwa wa katikati, ngome isirudi nyumbani kamwe, ibaki mstari wa tatu. Kwa miaka kumi nilikuwa nimefundisha nusu ya jambo. Nilitaka kuwatafuta wanafunzi wangu niwarekebishe, lakini baada ya zile ghasia za uchaguzi za Januari 2008 sikujua nani alikwenda wapi. Hata rejista za shule sikuziona tena.

Kwa hiyo wewe umefundishwa na mwanafunzi wangu. Na mwanafunzi asiyetaka kutajwa mbele yangu ninamjua ni mmoja tu.

Mwaka 2003, mashindano ya shule, hapa mjini. Msichana wa kidato cha tatu anaitwa Mercy Ayoo alikuwa anaongoza, amebakiza mchezo mmoja. Kaka yake mdogo, Dennis, alikuwa amesimama dirishani, na kila mara alikuwa anakohoa. Nilihesabu. Alikohoa mara saba, na mara nne kati ya hizo Ayoo akacheza hatua nzuri sana. Nikaamua ni ishara. Nilichukua kalamu nyekundu nikalichora mstari jina lake mbele ya shule sita. Yeye hakusema neno. Alirudisha kete zake kwenye kisanduku moja moja, akatoka. Hakuwahi kurudi klabuni, na mimi sikuwahi kumfuata. Nilijiambia kimya chake ni ushahidi.

Ni mama yako, sivyo?

Jana nilikwenda kwenye kamati. Niliiondoa barua yangu, nikasoma daftari lako mbele yao, nikaeleza ukurasa uliochanika na kosa lililo langu. Nimetia sahihi. Unakwenda Kisumu. Tyson alikuwepo. Huniita Kuka, yaani babu kwa lugha yetu. Akasema, "Kuka, mimi nilikuambia siku ile ile kwamba huyu dada alinichapa kihalali." Ni kweli aliniambia. Sikumsikiliza, kwa kuogopa watu wasije wakasema nampendelea, na kumbe pia kwa kuwa napenda kuwa sahihi.

Naona aibu, Amondi. Nina miaka sabini na moja na sikumbuki kuona aibu namna hii. Mchezo wako wa kufundisha kuliko yote ulikuwa ule uliopigwa, na ndio pekee nilioukataa.

Mwambie mama yako chochote utakachoona kinafaa. Mimi nimekosa pa kuanzia.

Wepukhulu


Kapsoya
27 Machi 2025

Kwa Mwalimu Wepukhulu,

Amondi ameniachia kalamu. Amesema hii si barua yake.

Mwalimu, Dennis alikuwa na pumu. Yuko Kisumu, anatengeneza friji, ana watoto wanne, na anakohoa hadi leo. Chesi hajui. Hajui hata farasi anarukaje. Siku ile alikuja kwa sababu nilimwambia nitashinda, akataka aone. Baada ya hapo aliamini ni yeye aliyeniharibia. Kwa miaka mingi alikuwa akija nyumbani kwangu, akisikia kikohozi kinakuja, anatoka nje. Hilo ndilo sikukusamehe. Jina langu ningeweza kuliacha hapo kwenye karatasi yako, lakini yeye alikuwa na miaka kumi na tatu.

Umeandika kwamba sikusema neno. Nilikuwa nimeandika kila hatua, kama ulivyotufundisha. Karatasi ilikuwa mezani mbele yako, na nilichofikiri nimekiandika pembeni. Nilingoja uisome. Ulikuwa umeshika kalamu nyekundu na hukuishusha.

Nilikuchukia, Mwalimu. Lakini chesi haikuwa na kosa, kwa hiyo nilimfundisha mtoto wangu jinsi nilivyofundishwa, kila kitu, na herufi zako. Alipokuja na habari za mashindano na nikaona jina lako kwenye karatasi ya tangazo, nilimwambia acheze na asinitaje. Nitakuambia ukweli kwa sababu na wewe umeniambia wako. Nilitaka kuona kama ungefanya tena. Nilimtega mtoto wangu ili nikupime wewe, na uliposhindwa kipimo sikufurahi kama nilivyodhani. Nilikaa jikoni nikaona mimi na wewe tumemfanyia kitu kimoja. Nimemwomba msamaha. Ameniambia atafikiria akirudi kutoka Kisumu. Anafanana na mimi.

Sasa kuna jambo moja. Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama pale pale. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikirudisha ngome nyumbani. Nimecheza na Amondi kila Jumapili baada ya kanisa, na kila askari wa katikati alipokuja, ngome nyumbani, na kila mara napigwa au yeye anapigwa, na sisi wote tunasema, basi, hatukuwa makini. Hakuna siku hata moja niliyofikiri kwamba mwalimu alikosea.

Niandikie ule ukurasa uliochanika. Wote, na michoro yake. Uandike kwa mkono wako na kwa wino, ya kuchapwa sitaki, siku hizi mashine humwandikia mtu kila kitu. Nikiusoma nikaridhika, nitakuja klabuni Jumamosi saa nne, na tutaumaliza ule mchezo mmoja niliobakiza.

Bahasha uiache kwa Vincent.

Mercy Ayoo